Mtu Aliyetembea Nyuma ya Wawira

Kaka yangu Mwongera alikuwa na wivu hata kabla ya kuoa. Tukiwa watoto pale Mitunguu, mtoto mwingine akimshikashika mbuzi wake, Mwongera alimpeleka huyo mbuzi mtoni akamwosha. Sisemi hivi kumsengenya, maana ni ndugu yangu wa tumbo moja na nampenda. Nasema ili ijulikane kwamba ugonjwa ulipokuja, ulimkuta na wivu wake tayari.

Mke alimtoa Embu, kwenye mkutano wa kwaya za kanisa. Wawira alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti ya kuongoza wenzake, na hakutoka nje bila kitambaa chekundu kichwani. Kimeru alikijua upesi, akakisema vizuri kuliko baadhi yetu, ila akicheka alicheka kwa Kiembu. Hilo lilimuuma Mwongera. Alitaka hata kicheko kiwe cha kwake.

Mimi nimeolewa papo hapo, ng'ambo ya barabara, kwa hiyo ya nyumba ile niliyaona mengi na mengine nikayasikia bila kutega sikio. Shamba la kaka yangu liko kwenye mteremko. Nyumba na jiko viko chini kabisa, ndizi zinapanda kilima, na juu kileleni kuna tangi la maji la kikundi cha wakulima. Maji ya kunyunyizia huenda kwa zamu. Siku ya zamu yako, mtu wa nyumba yako lazima apande alfajiri afungue koki, na ukichelewa mwenye zamu inayofuata hakuonei huruma. Mwongera alibaki chini kuhamisha paipu, Wawira akapanda na jembe begani.

Pale juu alikuwa Nyamu, mlinzi wa tangi, mtu wa Embu vilevile. Wawira akifika walisalimiana kwa lugha ya kwao, Nyamu akatupa neno, Wawira akacheka, na kicheko kikateremka kilima chote mpaka kwa mume wake aliyeinama kwenye paipu. Mwongera alielewa maneno mawili matatu tu. Yale asiyoyaelewa aliyajaza mwenyewe, na hakuyajaza kwa wema.

Basi mwaka ule uliofuata mvua za El Nino, kaka yangu akaanza kukonda. Alikula sahani mbili na suruali ikazidi kumvuka. Alitoka jasho kwenye baridi, vidole vikamtetemeka akishika kikombe, akawa wa kufoka kwa jambo dogo kama chumvi. Mitunguu nzima ikasema ni wivu unamla. Mimi pia nilisema hivyo, na nilisema kwa sauti.

Kisha yakaja ya macho. Kope za juu zilipanda, weupe ukaonekana juu ya mboni, macho yakasogea mbele kama yanayotaka kutoka kwenda kwao. Ukimwamkia ulidhani amekukasirikia. Kanisani mhubiri alimwita pembeni akamuuliza amemkosea nini, maana alikuwa amemtolea macho mahubiri yote. Macho yenyewe yalikuwa mekundu, yanatoa machozi kwenye upepo, na yeye alisema yamejaa mchanga. Aliyafikicha, akawasha sigara nyingine, akayafikicha tena.

Siku moja tulikuwa tunamenya ndizi na Wawira, akaweka kisu chini.

"Wifi," akaniambia, "hata akilala hafungi macho. Nikigeuka namkuta ananiangalia."

Nilicheka. Nikamwambia ndivyo wanaume wa kwetu wanavyopenda. Yeye hakucheka, akachukua kisu akaendelea kumenya.

Mtu wa pili alionekana mara ya kwanza asubuhi moja ya zamu ya maji. Mwongera aliniambia mwenyewe. Alikuwa chini kwenye paipu, ukungu haujaisha, akainua macho kutazama njia. Wawira alikuwa anashuka kutoka kwenye tangi, na nyuma yake, hatua moja tu, alishuka mtu mwingine. Mwongera alifuta machozi, akatazama tena. Mtu alikuwa bado yupo. Wakaingia kwenye ndizi, wakatokea, wakaingia tena, na Wawira alipofika uwanjani usawa wa macho yake, alikuwa peke yake.

Alimuuliza alikuwa na nani. Wawira akasema hakuna mtu, na akauliza kwa nini anauliza. Hilo jibu halikumtosha. Alipanda njia yote ameinama, akitafuta nyayo kwenye udongo uliolowa. Alizikuta za malapa ya mke wake tu. Mtu mwingine angerudi nyumbani akanywa chai. Kaka yangu akasema huyo mtu ni mjanja, anakanyaga nyasi.

Zamu iliyofuata akamwona tena, na iliyofuata pia. Kila mara ilikuwa asubuhi, kila mara juu kwenye mteremko, na kila mara mtu alitoweka kabla ya kufika chini. Saa nne jua likiwa limepanda, Wawira akienda kuchuma mboga, hakuwa na mtu. Mwongera akasema ni kwa sababu Nyamu hulala saa hizo.

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa mbaya. Alimkataza Wawira kucheka akiwa juu. Alimnusa kitambaa anaporudi. Mtoto wao Riungu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, alitazamwa masikio na pua kama ndama wa kuuzwa sokoni. Wawira alivumilia mwanzoni kwa kunyamaza, baadaye akaacha kunyamaza, na hapo nikaanza kusikia sahani zikivunjika. Nilikwenda kumkemea kaka yangu, akanijibu kwamba mimi ni mwanamke na wanawake wanafichiana.

Halafu akafanya jambo ambalo mkulima wa Mitunguu hafanyi akiwa na akili zake. Alichukua panga akakata ndizi zote za kando ya njia, mikungu ikiwa bado michanga, inayonyonya maji, isiyofaa kwa mnunuzi wala kwa ng'ombe. Alitaka yule mtu akose pa kujificha. Nilimkuta katikati ya kazi. Aliinua uso kutazama mkungu, akapiga, panga likapita hewani. Akapiga tena, akakata mti wa kuutegemeza, mkungu ukaanguka nusura umvunje mguu. Nikamwuliza amekunywa nini. Akasema mikungu imemchosha. Njia ikabaki wazi kutoka kwenye tangi mpaka jikoni, na zamu iliyofuata, asubuhi kweupe bila jani la kumficha, mtu alishuka nyuma ya Wawira kama kawaida.

Basi akaamua kumrudisha Wawira kwao. Kwetu mume hamrudishi mke kwa mdomo wake tu. Lazima awaite watu wa kwao waje wasikie kosa kwa masikio yao, na wao ndio wanaomchukua. Ndambiri, kaka mkubwa wa Wawira, akaja kutoka Embu. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache, ndiye aliyemlea Wawira baba yao alipofariki. Alifika jioni, tukamwekea chai, hakuigusa. Aliyekuja kwa kesi hali wala hanywi mpaka kesi iishe.

Alimtaka Mwongera aseme. Mwongera akasema mke wake ana mwanamume, na hakuambiwa na mtu.

"Nimemwona na haya macho yangu," akasema. "Anatembea nyuma yake karibu sana. Ako na kofia nyekundu."

Ndambiri akamtazama dada yake. Wawira akasema hamjui mtu yeyote mwenye kofia nyekundu, kisha akaingia ndani kumlaza mtoto. Ndambiri akauliza mtu huyo anaonekana lini. Mwongera akasema kesho ni zamu yetu, akitaka atamwonyesha. Alisema kwa furaha, nami nilimchukia kwa ile furaha.

Asubuhi Wawira alipanda na jembe lake, kwa sababu maji hayangoji kesi. Sisi tukakaa kwenye benchi mbele ya jiko. Ndambiri alikuwa ametoka mapema kabla yetu sote, na aliporudi alikuwa na Nyamu. Alimketisha Nyamu bega kwa bega na Mwongera, bila kueleza. Nyamu hakuelewa kwa nini anatazamwa hivyo, na alikuwa anaogopa. Kichwa chake kilikuwa wazi, kina upara, hakina kofia ya rangi yoyote.

Wawira akatokea juu. Mwongera akasimama.

"Huyo hapo," akasema. "Nyuma yake. Mnaona?"

Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Nilimwona wifi yangu, jembe, na njia.

"Nyamu ako hapa kando yako," Ndambiri akamwambia.

Mwongera aligeuka akamwona Nyamu. Akageuka tena kilimani. Nilidhani sasa moyo utatulia, lakini moyo wa kaka yangu haukuwa umeumbwa hivyo. Uso ulimwiva kwa hasira mpya.

"Basi ni mwingine," akasema. "Hata huyu amemdanganya."

Ndambiri akasema yeye haoni mtu wa pili. Mimi nikasema simwoni. Mwongera akatushika mabega mmoja mmoja, akatuelekeza kwa kidole. Akasema tutazame pale anapopita sasa, pale katikati ya matangi mawili.

Nyamu akafungua mdomo.

"Matangi gani mawili? Tangi ni moja. Mimi ndiyo nalilinda."

Sote tuligeuka kutazama juu. Mwongera aliangalia tangi, akaangalia tena, na nikaona midomo yake ikihesabu. Miezi yote ile alikuwa ameona matangi mawili na hakujali. Tangi halikumtia wivu, ndiyo maana hakulihesabu.

Sijui ni nani aliyenipa wazo, labda hasira tu. Nilimwendea nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja, kwa nguvu, kama tulivyozibana macho tukicheza zamani. Nikamwambia atazame.

"Sasa ni wangapi?"

Akatazama. Machozi ya lile jicho yalikuwa yananilowesha mkono.

"Mmoja," akasema.

Wawira alitukuta hivyo, mimi nimeziba jicho la mume wake na wanaume wawili wamesimama kama wezi. Ndambiri akamweleza kwa Kiembu, taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaegemeza jembe ukutani, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amemfunga Riungu mgongoni na fungu la nguo mkononi. Mwongera alimsihi, akamwambia ameshaona kosa, ni macho. Nami nilimsihi.

"Ulimwita kaka yangu aje anichukue," Wawira akamwambia. "Amekuja."

Wakaondoka. Ile chai ya Ndambiri ilikuwa bado mezani, imefanya utando.

Nilimpeleka mgonjwa wangu hospitali Meru mjini. Tulipanda gari mpaka Makutano, na pale kwenye njia panda nililazimika kumshika mkono kama kipofu, maana kila lori lilimjia likiwa mawili na hakujua akwepe lipi. Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mwenye mikono baridi. Alimwambia asigeuze kichwa, afuate kalamu yake kwa macho tu. Ikienda chini, macho yote mawili yalifuata. Ikienda juu, jicho moja lilipanda na la pili likakwama katikati. Nililiona kwa macho yangu likikataa.

Akatueleza kwa Kiswahili chepesi. Chanzo kiko shingoni, kwenye tezi ya koo, ambayo imeanza kufanya kazi kupita kiasi. Ndiyo iliyomkondesha, ikamtoa jasho na kumtetemesha. Mwili wenyewe umejigeuka ukajishambulia, na ukashambulia pia misuli inayogeuza macho. Misuli imevimba nyuma ya jicho, na kwa kuwa jicho limekaa kwenye shimo la mfupa lisilopanuka, limesukumwa mbele. Kope haziwezi kulifunika vizuri, hata usingizini, ndiyo maana linakauka na kuwasha. Msuli uliokakamaa unalizuia kupanda, kwa hiyo akitazama juu kila jicho linaona pake, na kitu kimoja kinakuwa viwili, kimoja juu ya kingine. Asubuhi ni mbaya zaidi kwa sababu uvimbe hujaa mtu akiwa amelala. Alimwambia alale ameinua mto.

Kisha akamwonyesha kizibo chekundu cha chupa, jicho moja baada ya jingine, akamwuliza kama wekundu ni sawa. Ulikuwa sawa. Daktari akashusha pumzi. Akasema uvimbe ukizidi hubana mshipa unaopeleka mwanga kwenye ubongo, na rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kufifia. Siku atakapoona nyekundu imechujuka, asingoje kukuche. Akampa vidonge vya tezi na dawa ya kulainisha macho, kisha miwani, kioo kimoja akakiziba kwa plasta ili atumie jicho moja. Akasema kupona kutachukua muda mrefu, na pengine upasuaji. Sigara alimkataza mbele yangu, akasema zinauchochea huu ugonjwa kuliko kitu kingine, na mimi nikazitoa mfukoni mwake nikazitupa kwenye pipa la hospitali.

Kaka yangu alitoka pale amefurahi. Sijaona mtu aliyefurahia ugonjwa namna hiyo. Njia nzima alikuwa anarudia maneno ya daktari, misuli, tezi, uvimbe, akiyapanga kama mtu anayekwenda kushinda kesi. Alisema sasa Wawira atarudi, kwa sababu kosa halikuwa lake, lilikuwa la shingo.

Tulikwenda Embu yeye na mimi, kwa sababu mwanamume haendi kumchukua mke peke yake. Tulimkuta Wawira kwenye kahawa za kaka yake, kikapu kiunoni, anachuma. Riungu alikuwa amekaa kwenye gunia anachezea kahawa mbichi. Wawira alitusalimu kwa heshima, mimi nikakumbatiwa, yeye akapewa mkono. Mwongera akaanza. Alieleza vizuri, lazima nikiri, hakusahau hata mto. Wawira aliendelea kuchuma, akiacha kijani na kuchukua nyekundu, na hakumkatiza.

Alipomaliza, Wawira akamwuliza swali moja tu. Yule wa pili alikuwa amebeba nini?

Mwongera akarekebisha miwani. Akasema hakumbuki.

"Unakumbuka kofia," Wawira akasema. "Kumbuka na mkono."

Kaka yangu akafumba macho, kadiri kope zilivyomruhusu. Nilimwona akiipanda tena ile njia.

"Jembe," akasema. "Begani."

Wawira akaweka kikapu chini. Akafungua fundo la kitambaa chake chekundu, akakivua, mara ya kwanza nikaona nywele zake mchana, akakiweka kwenye kiganja cha mume wake.

"Hii ndiyo kofia," akamwambia. "Macho yako yaligonjeka, yakakuonyesha mimi mara mbili. Hayo nimesamehe, hata ng'ombe huugua. Lakini huyo mwanamume, Baba Riungu, macho hayakukuonyesha. Huyo ulimtoa wapi?"

Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu Mitunguu anajua. Pale niliinama tu nikampakata Riungu. Daktari alikuwa ametupa majibu ya kila kitu, na la hilo hakutupa. Mwongera alisimama ameshika kitambaa, plasta kwenye miwani, ameinua kidevu kwa sababu bila kuinua kidevu hakuweza kumwona vizuri. Mwishowe akakirudisha. Akasema alimtoa ndani yake mwenyewe, na kwamba alikuwa naye tangu zamani.

Wawira akafunga kitambaa. Hakusema atarudi. Akamwonyesha kikapu kingine kwa kidole, na kaka yangu akakichukua, akaingia upande wa pili wa mstari, akachuma mpaka jioni.

Wawira alirudi kahawa ilipokwisha, yeye na Riungu, Ndambiri akawasindikiza na safari hii akanywa chai. Macho ya Mwongera yamepungua uvimbe, jasho limekoma, suruali inakaa kiunoni. Sigara hakurudia. Lakini akitazama juu asubuhi, bado anaona matangi mawili, na daktari anasema ile kazi ya kisu itasubiri mpaka uvimbe utulie kabisa.

Kwa hiyo siku za zamu ni hivi. Wawira hupanda alfajiri, hufungua koki, hupiga gumzo na Nyamu kwa Kiembu, na hucheka mpaka ninamsikia ng'ambo ya barabara. Kisha huja kusimama mwanzo wa njia, jembe begani, asishuke hata hatua moja. Huko chini kaka yangu huacha paipu, huja mbele ya jiko, huvua miwani, na hufunika jicho la kushoto kwa kiganja, mkono juu, aonekane vizuri. Wageni hudhani anapiga saluti. Wawira hungoja mpaka auone ule mkono, ndipo hushuka.